Aliyeitika Kabla Yangu

Mimi mwanangu akiniita, namjibu "Sema." Ndivyo mama yangu alivyonijibu, na ndivyo bibi yangu alivyomjibu mama. Anayeitika "Bee" ni mtoto. Mzazi anasema "Sema," mtoto anasema, shughuli zinaendelea. Watoto wangu wamekula, wamevaa na kusomeshwa kwa "Sema" hiyohiyo, na hakuna aliyepungukiwa kidole.

Sasa niambie wewe, ungefanya nini siku ungemkuta binti yako wa pekee amejibanza nyuma ya jiko, simu sikioni, sauti imelainika kama ya mtoto anayeomba sukari, anasema, "Bee, mama. Nimefika salama, mama. Nimeshakula, mama." Na mama mwenyewe ndiye wewe, umesimama hapo na mwiko mkononi.

Nilimsubiri akate simu. Nikamuuliza alikuwa anazungumza na mama yupi, maana mimi nilikuwa sijapiga simu. Fatu akashtuka, akasema ni Madamu Asnath, mwalimu wao wa chuo cha uuguzi kule Korogwe, wanafunzi wote wanamwita mama. Nikasema sawa. Nikarudi jikoni nikaukoroga ule ugali mpaka mume wangu Mhina akauliza kama nimegombana na sufuria.

Nilipomweleza Mhina, akasema mwalimu ni mlezi na tushukuru mtoto kapata mtu wa kumwangalia ugenini. Mwanamume huyu hata nyumba ikiwaka atasema tushukuru tumepata mwanga. Nikamwambia mlezi ana jina lake, Madamu. Jina la mama lina mwenyewe, na mwenyewe yuko hapa Chanika ya Handeni, hajafa, hajahama. Kisha nikaomba simu ya Fatu eti nione picha za chuoni. Nikamtafuta huyo Madamu, nikaikuza picha mpaka pua yake ikajaa kioo kizima. Pua ya kawaida tu. Sikuona kitu cha kumfanya mtoto wa watu asahau kwao.

Fatu alikuja likizo ile na mwenzake wanayelala chumba kimoja, Dorkasi, mtoto wa Dindira. Alituletea majani ya chai ya kwao, na mdomo alikuja nao pia, Mungu amzidishie. Fatu alipokwenda bombani nikamweka Dorkasi kwenye kigoda tumenye muhogo, nikamchokoza kidogo tu juu ya huyo Madamu. Wala sikuhitaji kumsukuma, alitiririka mwenyewe.

Akaniambia kila Alhamisi wakimaliza vipindi Madamu huwakusanya katika chumba cha mazoezi, kule ambako midoli mikubwa ya kujifunzia kuuguza imelazwa vitandani. Anasema aligundua wanafunzi wanarudi kutoka wodini na mizigo. Huyu halali, yule anawakaripia wagonjwa, mwingine anaugua ugonjwa usioonekana kwenye vipimo. Ukimwambia aeleze, anasema hakuna kitu. Basi Madamu akawaambia watunge mashairi. Kwa nini mashairi? Kwa sababu, anasema, mtu akishughulika kuhesabu mizani na kutafuta vina, uchungu unatoka wenyewe bila kuona haya. Hakuna maksi na hakuna makofi. Na kama shairi limemwita mtu ambaye hayupo, iwe marehemu, baba au mchumba, Madamu ndiye anayeitika kwa niaba yake, ili wito usianguke chini.

Nikaacha kumenya. Nisikilize vizuri hapo. Mimi Mwanaisha ndiye ninayeitwa Handeni nzima mwali akitolewa nje, mimi ndiye ninayeanzisha wimbo na wanawake wote wakaitika. Nimewaliza mabibi harusi mpaka wanja ukawafika kidevuni. Fatu amelala mgongoni mwangu akisikia nyimbo hizo kabla hajaota jino. Leo anakwenda kufundishwa na mtu wa Korogwe kwamba wimbo unatoa uchungu!

"Na Fatu ametunga?" nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

Dorkasi akasema Fatu ametunga shairi linalowaliza wote, lakini hajalimaliza. Kila Alhamisi anafika mahali palepale anakwama. Halafu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshashika kasi, akasema Madamu anamwombea Fatu alimalize haraka, kwa sababu tangu mgonjwa wake mmoja afariki hajaweza kukanyaga leba, kule wanakojifungulia wazazi. Akifika mlangoni miguu inakataa. Zamu za leba zinakwisha mwezi huu, na asiyezitimiza haruhusiwi kufanya mtihani. Fatu ameshasema heri aache chuo arudi nyumbani auze khanga.

Dorkasi akaona uso wangu, akauliza taratibu, "Kwani mama ulikuwa hujui?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wamesema waliosema. Mimi mzazi nilikuwa nimekaa na kisu na muhogo, naambiwa uchungu wa mwanangu na mtoto wa Dindira, naye kausikia kwa Madamu. Roho iliniuma, sikufichi. Iliniuma kuliko siku Mhina alipotaka kuongeza mke.

Na usije ukadhani mtoto hakuja kwangu kwanza. Alikuja. Wakati wa kiangazi alirudi siku mbili hivi, akanikuta nachambua maharage, akakaa miguuni pangu. Akasema, "Mama, kuna mgonjwa alinifia leba, alikuwa ananishika mkono, akaita..." Nikamkatiza. Nikamwambia hayo ampelekee somo wake. Nilimjibu nilivyojibiwa mimi. Kwetu mama hazungumzi na bintiye habari za uzazi na damu, hiyo ni aibu kwa wote wawili. Ndiyo maana msichana akivunja ungo anapewa somo, amfunde na awe mahali pake pa kusemea yasiyosemeka kwa mama. Somo wa Fatu ni shangazi yake Hajira, dada wa Mhina, yuko Sindeni, mzima, anakula na kunywa. Fatu alisema "Sawa, mama," akanioshea na maharage. Nami nikajua yamekwisha.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Sindeni. Nilimkuta Hajira anaanika makopa ya muhogo. Sikungoja hata kukaribishwa. Nikamuuliza kama Fatu alikuja kwake na neno.

Hajira akasema alikuja.

Ulimwambia nini?

Akaweka ungo chini, akasema bila hata kupepesa kwamba yeye ni somo wa mambo ya unyumba na usafi, hakufundwa kufunda watu habari za kufiwa na wagonjwa. Kifo ni jambo la mzazi. Kwa hiyo alimwambia mtoto, "Hayo mwulize mama yako."

Loo! Tulizozana pale mpaka jirani akaja kuchungulia. Mimi namwambia kazi ya somo ni nini kama si kupokea, yeye ananiambia nilipomzaa nilikuwa nataka apokee nani. Mwisho wa yote Hajira akasema, "Wifi, tumerushiana mtoto kama mpira, wewe na mimi. Sasa kama kuna mtu aliudaka, unagombana naye kwa lipi?"

Nilirudi nyumbani nimevimba. Kwa lipi? Kwa sababu mpira ni wangu, ndiyo kwa lipi.

Nikasema nitamrudisha mwanangu mwenyewe kabla hajaondoka. Nilimpikia bada, ule ugali wa muhogo, na samaki wa kukaanga, chakula anachokipenda tangu utoto. Nikamsuka nywele. Nikiwa nyuma ya kichwa chake, mahali pazuri pa kuulizia maana hamtazamani, nikamuuliza huko wodini kukoje. Akasema kuzuri. Nikauliza leba je. Kichwa kikakakamaa mkononi mwangu. Halafu akageuka akanipa tabasamu, lile wanalofundishwa kumpa mgonjwa asiyetakiwa kujua ugonjwa wake, akasema, "Niko salama, mama, usijali." Nikaendelea kusuka. Mlango niliufunga kwa mkono wangu, na mtoto mwenye adabu hapigi hodi mara mbili.

Walipoondoka kurudi chuoni nilikaa siku chache nikiwa sisemezeki. Kila simu ikilia kwa jirani nawaza sasa hivi Fatu anamwita yule. Usiku na mchana namwona amekalishwa kwenye kiti kizuri, anajibiwa kwa sauti ya asali. Alhamisi ilipofika nikavaa doti langu la harusi ya mpwa wangu, nikamfunga jogoo miguu. Mhina akauliza safari ya wapi. Nikasema naenda Korogwe kuchukua kilicho changu. Akauliza na jogoo? Nikasema mtu hafiki kwa watu mikono mitupu, hata kama anakwenda kugombana.

Njiani nilijipanga maneno. Nilimpangia Madamu sentensi za kumvua nguo. Pia nilikuwa na tumaini moja baya, nalisema kama lilivyokuwa: nilitumaini hana mtoto. Ukimkuta mtu hana mtoto unamwonea huruma, na ukishamwonea huruma wivu unapoa.

Nilimkuta nje ya ofisi yake, mwanamke mfupi mnene, ndala miguuni, anakunywa chai. Nikajitambulisha mama yake Fatu, mama *mzazi*, nikalitia neno hilo uzito. Akaweka kikombe chini, akapiga goti kidogo, akasema shikamoo. Nikamwambia shikamoo ya nini, si tumelingana. Akasema mama wa mwanafunzi wake ni mkubwa wake hata kama kazaliwa jana. Hapo sentensi yangu ya kwanza ikafa. Akampokea yule jogoo akamsifia. Ya pili ikafa. Nikamuuliza ana watoto wangapi, na roho yangu inaomba. Akacheka akasema wanne, na mapacha wanamtoa roho.

Wanne! Ana wanne, na bado kaja kuchukua mmoja wangu! Wivu haukupoa, uliota pembe.

Nikamwambia moja kwa moja nimesikia mwanangu anaimba hapa mambo ambayo nyumbani hayasemi. Nikamuuliza anawapa nini. Nilitaka ajitetee nipate pa kushika. Hakujitetea. Akasema, "Mama Fatu, mimi simpi kitu. Najibu tu, kwa sababu mwenye kuitwa hayupo. Na jibu langu kwake halitoshi, ndiyo maana anakwama. Leo ni Alhamisi. Twende ukakae."

Nikamfuata. Nilikwenda kwa hasira, lakini nilikwenda.

Chumba kile kilinitisha kidogo na ile midoli iliyofunikwa shuka mpaka kifuani. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwa duara, sare zao bado mwilini. Madamu akaniweka nyuma, jogoo chini ya benchi. Fatu alikuwa ameinamisha kichwa, hakuniona. Alianza kijana mmoja, Yordani, ana mabega ya mbeba magunia. Akasoma shairi la mzee aliyemwosha kila asubuhi, na siku moja akakuta kitanda kimetandikwa shuka mpya. Lilikuwa na vina vya kulazimisha, mimi ningemrekebisha. Lakini machozi yake hayakuwa ya kulazimisha. Alipomwita yule mzee kwa jina, Madamu akaitika, "Naam, mjukuu wangu," na lile jitu likashusha pumzi kama limetua gunia kweli. Hakuna aliyepiga makofi.

Halafu akasimama Fatu. Alipoinua uso akaniona.

Sijawahi kumwona mwanangu vile. Alitaka kukaa. Dorkasi akamshika kiwiko. Fatu akatazama ukutani juu ya kichwa changu, akaanza bila karatasi, na hakusema, aliimba. Kwa sauti ndogo, aliimba.

*Alitoka Mashewani, na khanga yake begani,*
*Mamaye yuko getini, hajaitwa kuja ndani,*
*Damu ikashuka chini, tukaingia mbioni,*
*Kanishika kiganjani, akaita: Mama! Mama!*

Mahadhi yalikuwa yangu. Yale yale ninayoanzisha tukimtoa mwali nje, ninayoyavuta mwishoni ili wenzangu waingie. Kayachukua mgongoni mwangu, kaja kuyatia damu na mauti. Nilishikwa na wivu na fahari kwa wakati mmoja.

*Sijazaa, Mola wangu, sina wa mgongo wangu,*
*Likatoka jibu langu: Bee, nipo, mwana wangu,*
*Akafumba mbele yangu, yeye na uongo wangu,*
*Nimeiba cha mwenyewe, nimeitikia Mama.*

Ndipo nikaelewa, na mengine alinieleza baadaye. Yule mzazi kijana wa Mashewa alikuwa anakwenda, macho yameingia giza, anamwita mama yake. Mama yake yuko nje ya geti na chupa ya uji anasubiri saa ya kuona wagonjwa. Na huyu wangu, ambaye bado namnunulia mafuta ya kujipaka, akaitika mahali pa mama. Akasema nipo. Yule mgonjwa akaamini, akafumba. Baadaye getini mama mwenyewe akaambiwa, na Fatu akamwona anavyoanguka chini na ile chupa. Tangu siku hiyo anajiona mwizi. Kamwibia mwanamke mwingine mwito wa mwisho wa mtoto wake. Hilo ndilo alilokuja nalo siku ile ya maharage, nikamwambia ampelekee somo.

Alikuwa ameshaanza ubeti wa tatu, na sauti ilikuwa inakatika.

*Nikaja kwetu Chanika, kwa mzazi nikafika,*
*Neno nikalitamka, nusu likanikatika,*
*Kwa somo nikalitwika, kwa mama likarudika,*

Akakwama. Wanafunzi wote wakatazama chini, wanapajua. Mimi mtunzi, nilisikia kabisa kituo kinakosekana, kimening'inia pale kama mtu aliyeinua mguu hana pa kuukanyagia. Jogoo akakukurika chini ya benchi, kisha naye akatulia. Fatu akafumba macho.

*Je, nimekosa? Nijibu, nakuita: Mama! Mama!*

Nikamwona Madamu Asnath, kwa mazoea yake, anafungua mdomo aitike.

Hapo nilisimama hata sikujua nimesimama.

"Kaa, Madamu," nikasema. "Hapo ni pangu."

Hakuwa amesimama, masikini, alikuwa amekaa. Lakini alifunga mdomo. Nikawapita wale watoto, nikafika katikati ya duara. "Sema" ilikuwa imekaa ulimini tayari, ulimi umeizoea. Nikaimeza.

"Bee, mwanangu," nikasema. "Nipo."

Nilimshika mikono yote miwili. Akaniuliza, si kwa wimbo sasa, kwa sauti yake ya kawaida ya nyumbani, "Nimemwibia, mama?"

Nikajua Madamu angejibu nini. Angemwambia hapana, hujaiba, ulifanya vizuri. Ni jibu jema, na nina hakika alishalitoa mara nyingi. Ndiyo maana halikutosha.

"Umemwibia," nikasema. Wanafunzi wakainua vichwa. "Ukimweleza yule mama wa Mashewa, ataona wivu. Wivu wa kuchoma. Atasema kwa nini yeye na si mimi, mimi niliyezaa. Atatamani hata akupige. Halafu akimaliza, atakaa chini aseme alhamdulillahi, mwanangu alipoita palikuwa na mtu wa kumwitikia. Hatasema mbele yako, lakini atasema. Naujua wivu huo, Fatu. Nimepanda nao gari kutoka Handeni."

Alilia mwanangu. Alilia hadi khanga yangu ikalowa bega zima, na mimi sikumwambia anyamaze. Niliimba ule ubeti wa mwisho taratibu kutoka mwanzo, nikauvuta pale mwishoni ninapovuta, na watoto wale, sijui nani aliwafundisha, wakaitika. Hata Madamu aliitika, akiwa miongoni mwao, kama mwitikiaji mwingine yeyote. Kusema kweli ana sauti mbaya, na hilo lilinifariji.

Tulipotoka nilimvuta pembeni. Sikumwambia asante, nisije nikasingiziwa. Nilimwambia yule jogoo ni wake, asimfuge, amchinje, na asimpikie mafuta mengi. Akasema, "Nimepokea, Mama Fatu." Kisha akaniambia Fatu yuko kwenye zamu ya jioni, leba, kama miguu itakubali. Akasema njia ni hii, na yeye akabaki. Angeweza kuja. Alibaki makusudi, mwanamke yule, na mpaka leo nashindwa kumchukia vizuri kwa sababu ya kubaki kule.

Tukaenda mimi na Fatu mpaka wodi ya wazazi. Nje ya mlango kuna mabenchi ambapo ndugu wanangojea, na siku ile palikuwa na mama mmoja wa makamo, chupa ya uji mapajani, anausugua mfuniko kwa kidole. Fatu alimwona akasimama. Miguu ikakataa, niliiona kwa macho yangu inakataa, magoti yamekakamaa kama ya ndama anayevutwa kamba.

Na ndipo ndani, nyuma ya mlango ule, msichana mmoja akapiga ukelele mrefu, akaita mama yake. Yule mwanamke wa benchini akanyanyuka, chupa ikataka kumponyoka, akautazama mlango asioruhusiwa kuupita. Fatu akanitazama mimi, kama zamani akiomba ruhusa ya kwenda kucheza.

"Nenda," nikamwambia. "Unaitwa."

Akaingia. Mimi nikakaa benchini na yule mwenzangu, nikaishika ile chupa pamoja naye. Ukelele ukaja tena, na baada yake, kwa karibu, nikaisikia sauti ya mwanangu inamwitikia mtoto wa mtu, "Bee, nipo." Yule mama pembeni yangu akauma midomo. Mimi nami ulinibana palepale chini ya titi, ule wivu, nikauacha unibane.